Ubao wa Wakwe na Mgongo wa Mamu Ngalula

Kosa langu kubwa la miaka ya mwanzo lilikuwa safi sana. Liliandikwa kwa chaki, kwa mistari iliyonyooka, na herufi nilizifuta na kuziandika upya mpaka zikalingana. Ulikuwa ubao wa kugawa kazi: nani amnyanyue mzee gani. Niliutengeneza ili pasiwe na mtu wa kulalamika, na kweli hakuna aliyelalamika. Ila migongo ilianza kuumia, na yote ilikuwa ya watu ambao asili yao ni Kasai, jimbo la jirani.

Siku mliyoniaga kazini, ninyi walezi mliobaki, mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa zamani. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini; la kwanza limeshapita na la pili lingewachekesha. Nitawaeleza habari za ubao huo, kwa sababu bado unaning'inia mlangoni na ninyi mnaufuta kila Jumatatu bila kujua ulitoka wapi.

Niliingia katika nyumba yetu ya wazee mwanzoni mwa miaka ya tisini, kijana mwembamba, mtoto wa karani wa reli, bila diploma yoyote. Nilikuwa nimejifundisha mwenyewe kutoka kitabu cha uuguzi cha Kifaransa kisicho na jalada, nilichokinunua sokoni kutoka kwa mama aliyekuwa akifungia karanga kwa kurasa zake. Sura ya homa ilikuwa imeshaliwa na wateja wa karanga. Sura ya kuosha na kugeuza wagonjwa ilibaki nzima, na niliijua kwa moyo, pamoja na makosa ya uchapaji.

Nyumba wakati huo ilikuwa kumbi mbili za matofali zenye mabati. Wanaume walilala upande wa njia ya reli, wanawake upande wa bustani. Ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli waliozeeka bila mtu wa kuwatunza, kisha ikapokea wajane, kisha ikapokea yeyote. Treni ikipita, vikombe vilitetemeka juu ya meza, na wazee wa upande wa reli walitaja aina ya injini bila kufungua macho. Walibishana pia. Nilimwona mmoja akikataa dawa mpaka mwenzake akiri kwamba ile ilikuwa injini ya mizigo.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mamu Ngalula. Tulimwita Mamu, kama wanavyoita mama kwa lugha ya kwao Kasai, ingawa alizaliwa hapahapa Kamina, nyumba chache kutoka stesheni. Alikuwa mjane mwenye mabega mapana na sauti ya chini, na alikuwa ameosha wazee tangu nilipokuwa shule ya msingi. Nilimwendea na kitabu changu mkononi. Hakukitazama. Alinishika vidole.

"Mwana, hii mikono iko baridi. Unataka muzee akufe na mushituko?"

Alinipeleka jikoni, akanisimamisha karibu na sufuria ya maji mpaka vidole vikapata moto, akakagua kucha zangu kama mwalimu. Halafu akanifundisha kusema na mtu kabla ya kumgusa, hata kama mtu huyo hasikii tena. Mimi nilisema, "Bonjour, baba, nakuja kukugeuza upande wa kushoto kwa pembe inayofaa." Mamu Ngalula aliinamisha kichwa ili mzee asimwone akicheka.

Nilikuwa na wasiwasi wa kila kitu. Jioni nilitoka, nikafika barabarani, nikarudi kuangalia kama beseni limekaushwa. Nikatoka tena, nikarudi kuangalia kama blanketi la kitanda cha mwisho limekunjwa vizuri. Yeye alikuwa ukumbini akiosha vikombe.

"Umerudia nini tena?"

"Blanketi, Mamu."

"Weye utakufa mbele ya bazee," alisema, "na shiye njo tutakuosha. Nenda kwenu." Yaani ningewatangulia wazee kufa, na wao ndio wangeniosha mimi.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache, na nitavitaja kwa sababu navikumbuka kwa upendo ambao pengine havikustahili. Kulikuwa na kiti kimoja cha magurudumu, na gurudumu la kulia lilipiga kelele hivi kwamba wazee walijua nani anapelekwa wapi. Kulikuwa na mashuka ya amerikani yaliyofuliwa mpaka yakawa laini. Vitanda vilikuwa vya chuma na vya miguu mifupi, vya askari; sidhani kama waliovitengeneza walifikiria kwamba mtu angeinama juu yake kutwa nzima. Mamu Ngalula aliweka matofali mawili chini ya kila mguu wa kitanda. Ndiyo maana mpaka leo kuna alama za matofali kwenye sakafu ya ukumbi wa wanawake. Alinifundisha pia kupiga magoti kidogo, kumkumbatia mzee karibu na kifua, na kuinuka kwa mapaja. Kila nilipoinama kwa kiuno alinipiga kofi mgongoni, na nilikumbuka.

Sasa niwaeleze habari ya wakwe, kwa wale wenu wasiokulia huku. Kwetu Waluba wa hapa, mkwe haguswi. Mwanaume hamshiki mama mkwe, hamtazami usoni, hapiti karibu naye, na akitaka kumwambia jambo humtuma mtu mwingine aliseme. Mwanamke hufanya vivyo hivyo kwa baba mkwe. Tunaiita buko, na husemwa kwamba anayeivunja watoto wake hupata ugonjwa wa kutetemeka. Na mkwe si yule mzazi mmoja tu wa mkeo. Dada za mzazi huyo, kaka zake, binamu zake, wote ni wakwe. Katika mji kama Kamina, ambapo familia zimeoana tangu reli ilipofika, nyumba ya wazee ni nyumba iliyojaa wakwe. Wengi wetu tulikuwa watu wa kanisa na shule. Tulisema mambo hayo ni ya zamani, kisha tulizunguka nje ya jengo ili tusikutane na mkwe kwenye korido.

Aliyeteseka kuliko wote alikuwa Banza. Alikuwa kijana wa rika langu, mkubwa kama mlango, mcheshi, mwenye nguvu za kubeba gunia la mahindi kila bega. Alikuwa amemwoa binti wa mwisho wa Mama Numbi, na Mama Numbi alikuwa kwetu, ukumbi wa wanawake, kitanda cha karibu na dirisha. Miguu yake ilikuwa imekufa. Watoto wake wengine walikuwa Lubumbashi, na kwa Banza hangeweza kulala, kwa sababu huwezi kulala chini ya paa moja na mkweo. Kwa hiyo aliletwa kwetu kukwepa mkwe, akamkuta mkwe amevaa koti la kazi.

Siku moja Banza alikuwa kwenye korido na sufuria ya uji aliposikia gurudumu likipiga kelele. Aligeuka, akabandika uso ukutani, akabaki hivyo na sufuria mikononi mpaka Mama Numbi apite. Mama Numbi hakuwa na haraka. Alimwambia Mamu Ngalula asimamishe kiti.

"Kuna muntu mbele ya ukuta," alisema, akitazama dari, "anaacha uji ya bazee inapoa."

"Eyo, vidye," Banza aliujibu ukuta, jibu letu la heshima, na chokaa ikamwingia puani.

Tulicheka kwa wiki nzima. Lakini halikuwa jambo la kucheka lilipokuja kwa mwingine. Mlezi mmoja alimnyanyua mzee bila kujua kwamba ni ndugu wa baba mkwe wake. Familia nzima ilifika kutaka maelezo, na mzee akarudishwa nyumbani akiwa na kidonda ambacho kwao hakuna aliyejua kukisafisha. Sikupata usingizi. Direkta, mkuu wa nyumba, mtu mpole aliyeogopa kelele, aliniambia nitafute utaratibu, kwa kuwa niliandika vizuri.

Basi nilimuuliza kila mlezi nani ni mkwe wake, na mkwe wa ndugu zake, na mkwe wa binamu zake. Nilichora ukoo wa mji mzima. Kisha nikatundika ubao, nikaandika kila mzee na mtu wa kumnyanyua, na hakuna mahali hata pamoja ambapo mkwe aligusa mkwe. Direkta alisimama mbele yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nilirudi jioni kuutazama peke yangu. Nadhani sijawahi kuona kazi yangu ikiwa kamili namna ile tena.

Kitanda pekee ambacho hakikunisumbua kilikuwa cha mzee Mgiriki, mwenye duka wa zamani, ambaye ndugu zake walikuwa wamerudi kwao wakamsahau, au yeye aliwasahau wao. Hakuwa mkwe wa mtu. Alikuwa mwepesi kama baiskeli na kila mtu alitaka kumnyanyua. Nilimpa Banza, mtu mwenye nguvu kuliko wote.

Mnaona tayari. Mimi sikuona. Wasio na wakwe mjini walikuwa watu wa Kasai, waliooana wenyewe kwa wenyewe: Mamu Ngalula, mwanaume mmoja aitwaye Mbuyi, na wasichana wawili watatu wa familia zao. Ubao wangu uliwapa wao wazee wote ambao wengine hawakuweza kuwagusa. Na wazee wenye wakwe wengi ndio waliokuwa wazito, kwa sababu jamaa wengi waliwaletea chakula. Tena, mtu wa hapa akihitaji mkono wa pili alimwita binamu yake kutoka ukumbi wa pili. Mamu Ngalula angemwita nani? Alinyanyua peke yake.

Wakati huohuo mambo yalikuwa mabaya. Kusini mwa jimbo letu, watu wa Kasai walikuwa wakifukuzwa kazini na majumbani, eti warudi kwao. Treni zilipita Kamina zikiwa zimejaa mpaka juu ya mabehewa: magodoro, cherehani, milango iliyong'olewa, watoto. Nyingine zilisimama stesheni siku nyingi na watu walilala kandokando ya reli. Wazee wetu wa upande wa reli waliacha kutaja injini. Mjini yalisemwa maneno ambayo sitayarudia. Mimi sikusema neno baya. Sikusema neno lolote.

Bega la Mbuyi ndilo lilikuwa la kwanza. Lilitoka mahali pake alipokuwa akimtoa mzee mmoja bafuni. Alifungwa kitambaa, akangoja lipone, halikupona, akapanda treni na wenzake. Kisha mmoja wa wasichana akaumia kiuno. Jikoni walezi walianza kujitafutia maelezo.

"Bantu ya Kasai banajua kusoma," Banza alisema, akipuliza chai, "lakini migongo yabo iko ya kioo."

Watu walicheka. Niwaambie yote, kwa kuwa ndiyo sababu ninaandika: nilikwenda kutafuta kwenye kitabu changu. Nilitafuta kama mifupa ya watu inatofautiana kwa kabila. Kitabu kilikuwa na mchoro wa mifupa mmoja tu, na haukusema ulizaliwa wapi.

Mamu Ngalula hakuacha kazi hata siku moja, na ndiyo maana nilichelewa kugundua. Kilichomfichua ni kibanio cha nguo. Tulikuwa uani tukianika mashuka, kikamdondoka mbele ya mguu wake. Alikitazama. Akachukua kingine kutoka mfukoni. Yeye aliyenipiga makofi kwa ajili ya kuinama vibaya, sasa hakuinama kabisa. Nilipotazama vizuri niliona amejifunga kitenge kiunoni, kimekazwa mara kadhaa chini ya koti, kama anayebeba mtoto asiyekuwepo.

"Mamu, umeumia lini?"

Aliendelea kunyoosha shuka. "Nani amesema nimeumia?"

"Kibanio kiko chini."

"Basi okota. Weye njo kijana."

Nilikiokota. Nilibaki nimesimama. Ndipo alipoketi juu ya karo la kufulia, polepole, akitangulia kushika ukuta.

"Ni kwa Mama Numbi," alisema. "Aliteleza mu mikono yangu, na sikumuacha. Kintu kilikatika hapa nyuma. Usimuambie direkta."

Nilijua kwa nini. Nyumba yake ya mjini ilikuwa imeshachukuliwa na watu wengine, na hakuna aliyemuuliza. Alilala katika chumba kidogo nyuma ya jiko letu, na utaratibu ulikuwa kwamba chumba ni cha mtu anayefanya kazi. Asiyefanya kazi angetoka nje ya geti, na nje ya geti kulikuwa na stesheni.

"Kwetu wapi banataka nirudie?" alisema. "Kasai naijua kwa jina tu. Minyi nilizaliwa hapa, mume wangu amezikwa hapa. Nikipanda ile treni nitashukia kwa nani?"

"Wiki ijayo nitakupa wazee wepesi," nilisema, na nilipokuwa nikisema niliuona ubao kichwani, mstari kwa mstari, jina lake likishuka upande wa kushoto kama ngazi. "Mamu, ni ule ubao. Ni mimi."

"Najua. Nausomaka kila asubuhi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha sana nao," alisema. "Na uliandika muzuri."

Nilikwenda kwa Banza siku hiyohiyo. Nilimkuta akimnyoa mzee Mgiriki, wote wawili wametulia. Nilimwambia kwamba Mama Numbi ni mzito mno kwa mwanamke mmoja, na kwamba mtu wa kumbeba tunaye, amesimama hapa na wembe. Wembe ulisimama hewani.

"Kapita," alisema. Aliniita hivyo kunitania, jina la wasimamizi wa zamani. "Unataka nishike mukwe wangu? Batoto yangu batetemeke mwili muzima? Weye utabatunza?"

"Mamu Ngalula ameumia mgongo."

"Nilisemaka. Ya kioo."

"Banza, wewe umenyanyua nini wiki hii?"

Alimtazama Mgiriki. Mgiriki, aliyekuwa akielewa Kiswahili vizuri kuliko alivyojifanya, akasema, "Mimi," na povu likamwingia mdomoni.

Banza hakucheka. Alimaliza shavu la pili. Kisha akasema, kwa sauti nyingine, kwamba hakatai kwa ubishi, kwamba mkewe angemfungia mlango, kwamba mama mkwe mwenyewe angeona aibu mpaka afe. "Muulize yeye," alisema. "Kama yeye anaweza kukubali. Minyi siwezi hata kumuuliza."

Hivyo nilijikuta nikiketi kando ya kitanda cha dirishani, nikitafuta maneno ambayo hayakuwa kwenye kitabu chochote. Nilianza kwa mbali, na hali ya hewa. Mama Numbi aliniacha nizunguke mpaka nikachoka.

"Umekuja juu ya mugongo ya Ngalula," alisema.

Niliitikia kwa kichwa.

"Niliisikia. Alikuwa amenikumbatia, sikio langu lilikuwa hapa, kwa shingo yake. Ilitoa sauti kama kijiti. Nikanyamaza." Alivuta shuka mpaka kidevuni. "Nilisema mu roho, nikiambia muntu, batamuondoa, na nani atanigeuza? Hawa bengine bote ni bakwe. Nitaoza hapa kama muhogo. Basi nikanyamaza, na yeye akanyamaza, na kila asubuhi ananinyanyua na tunaongea bei ya mafuta."

Kisha akaniambia niende kumwita mtu yule.

Banza alikuja akasimama mlangoni, mgongo kwetu, uso kwenye korido. Nilikaa katikati, kwa sababu hawangeweza kusemezana. Yaliyofuata yalipita yote kinywani mwangu, ingawa wote wawili walisikia kila neno mara mbili.

"Muambie huyo muntu," alisema Mama Numbi, "kwamba zamani mukwe akitaka kuingia penye mukwe wake ni mugonjwa, alikuwa analeta kuku na nguo mupya, na njia inafunguka."

"Banza, Mama anasema kuku na nguo mpya."

"Muambie Mama kwamba nguo iko bei."

"Mama, anasema nguo ni ghali."

"Muambie kwamba nilimupa binti na hakulalamika bei."

Nilianza kurudia. Banza aliinua mkono kunizuia. Masikio yake yalikuwa mekundu jinsi masikio ya mtu mweusi yanavyoweza kuwa. "Nimesikia," alisema. "Yaani, muambie Mama kwamba umesema na nimesikia."

"Na muambie hatanishika ngozi," Mama Numbi aliendelea. "Atashika shuka. Na atatazama ukuta. Anajua ukuta, yule."

Jumamosi Banza alileta kuku na kitenge cha maua ya njano, akavikabidhi kwangu, nami nikavipeleka hatua chache hadi kitandani. Mama Numbi alikipapasa kitenge, akatafuta kasoro, hakupata, akakubali. Kuku aliliwa na ukumbi mzima, mchuzi mwingi, nyama ya kutafuta kwa tochi.

Kisha tukatandika shuka la amerikani chini yake, tukalikunja pembeni mpaka likawa na mshiko. Banza alishika pembe mbili za upande wa kichwa na kugeuza uso dirishani. Mimi na msichana mmoja tulishika upande wa miguu. Mamu Ngalula alikaa kwenye kigoda, amejifunga kitenge chake waziwazi sasa, na akahesabu kwa sauti yake ya chini. Tulipofika tatu, Mama Numbi alipanda hewani kana kwamba hana uzito. Banza alikuwa amefumba macho. Mama Numbi pia. Ngalula peke yake ndiye aliyekuwa akitazama, na ndiye aliyesema, "Shusha. Polepole. Njo hivyo."

Nilifuta ubao jioni ile. Ilinichukua muda kuandika upya, na safari hii niliziacha herufi bila kulingana. Kila kitanda kilipata watu wawili na shuka. Nikaenda kwa direkta, nikamwambia kwamba ubao wa kwanza nilikosea, kwamba watu watatu wameumia kwa utaratibu wangu na si kwa kabila lao, na kwamba Mamu Ngalula hawezi tena kunyanyua lakini hakuna anayejua kuhesabu na kuona mwili ukikaa vibaya kama yeye. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu. Direkta aliuliza tu kama familia zitalalamika. Nikasema kuku ameshaliwa. Akasema basi abaki.

Alibaki. Miaka michache baadaye nchi iliingia vitani mara mbili. Vita vya kwanza vilipita kwetu haraka. Askari wa zamani waliondoka na wapya wakaja, na sabuni ikapanda bei. Vita vya pili vilikaa. Treni ziliacha kupita. Mashuka yalichakaa, tukashona magunia ya unga, na Mama Numbi alizikwa amefungwa kitenge chake cha maua ya njano, akibebwa na Banza kwa pembe za shuka. Kutoka kaskazini watu walikimbilia mjini kwa miguu na kwa baiskeli. Baadhi yao tuliwapokea kazini. Hawakuwa wa Kasai. Waliongea Kiluba kama sisi. Lakini hawakuwa na mtu mjini, na haikupita wiki nikamkuta mama mmoja wa kwao akimnyanyua mzee peke yake, wakati vijana wa hapa wakingoja mlangoni. Ilikuwa hadithi ileile, imevaa nguo nyingine.

Kabla sijafungua mdomo, Mamu Ngalula alikuwa ameshagonga chuma cha kitanda kwa kijiko, kutoka kwenye kigoda chake.

"Mwenzake iko wapi?"

Vijana waliingia. Swali hilo mnaliuliza hata leo, kwa kupokezana, nimewasikia, na wengine mnadhani ni mzaha wa nyumba.

Treni ziliporudi, binti wa Mamu Ngalula, ambaye miaka hiyo alikuwa ameolewa Mwene-Ditu, kule Kasai, alimwita, na safari hii Mamu alikwenda kwa kupenda. Mgongo haukuwa umepona kamwe. Hakuweza kupanda ngazi ya behewa. Tulikwenda naye stesheni tukiwa na shuka. Alilala juu yake palepale kwenye jukwaa, amevaa vizuri, kibeti kifuani, na watu wakasimama kutazama. Banza alishika upande wa kichwa. Kwa mazoea aligeuza uso pembeni.

"Nitazame," Mamu Ngalula alimwambia. "Minyi siko mukwe wako."

Banza alimtazama. Kisha Mamu mwenyewe akahesabu, na tulipofika tatu tukamnyanyua mpaka ndani, tukamshusha polepole kwenye kiti cha dirishani. Nilirudi kuangalia kama dirisha limefungwa vizuri. Nikarudi tena kuangalia kibeti.

"Mwana," alisema, "treni inaondoka."

Tangu hapo limebadilika jambo moja. Wazee bado ni wazito, wakwe bado wanatazama ukuta, na wageni bado wanaingia Kamina bila mtu. Lakini kila kitanda kwenye ubao kina majina mawili, na hakuna tena jina linaloshuka peke yake upande wa kushoto.